Kompyuta Inayokwama: Ipime, Isafishe, Iongezee Nguvu

Kabla hujanunua chochote, na kabla hujafungua skrubu hata moja, iwashe kompyuta, iache dakika tano itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kazi inaanzia hapo. Kompyuta nyingi zinazowekwa kando kwa kuwa "zimechoka" hazijachoka, ila zimebanwa mahali pamoja: kwenye diski, kwenye RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi) au kwenye joto. Ukijua ni wapi, unatibu pale pale. Usipojua, utaongeza RAM kwenye mashine ambayo shida yake ni diski, uifunge, na bado ikwame vilevile.

Maelezo haya ni ya mashine za Windows, laptopu na za mezani. Fuata mpangilio kama ulivyo, hasa hatua ya nakala, maana ndiyo watu huiruka na ndiyo wanayoijutia.

Soma namba kabla ya kushika bisibisi

Dirisha litakalofunguka ni Task Manager. Ingia sehemu ya Performance na usome namba mara mbili: kwanza mashine ikiwa imetulia, halafu ukiwa unafanya ile kazi yenyewe inayokukera, iwe ni brauza yenye vichupo 15 au faili kubwa la mahesabu.

Anza na diski. Ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 ilhali kasi ya kusoma na kuandika ni MB 2 au 3 tu kwa sekunde, basi huenda una diski ya kuzunguka, ile HDD, na ndiyo inayokuchelewesha. Ndani yake kuna mkono mdogo unaosogea juu ya sahani kutafuta data. Kila msogeo, pamoja na kungoja sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa, huchukua takriban milisekunde 10 hadi 15. Kwa hiyo diski hiyo hujibu maombi yasiyofika hata 100 kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Mkono unakimbia huku na huku, na kila programu inapanga foleni. SSD, diski ya chipu tupu, haina mkono wala sahani, na hujibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine yenye prosesa ya miaka kumi iliyopita hufufuka ikibadilishwa diski peke yake.

Kisha angalia RAM, iliyoandikwa Memory. Ikipita asilimia 85 wakati wa kazi ya kawaida, Windows huanza kuhamishia baadhi ya vitu diskini ili kupata nafasi. Utaliona jambo hili unapotoka programu moja kwenda nyingine: dirisha linabaki jeupe sekunde kadhaa ndipo lijichore. Ukiwa hapo hapo, soma maandishi ya chini: yanakuambia sloti ngapi zimetumika na RAM inakwenda kwa kasi gani. Yaandike, utayahitaji.

Mwisho, prosesa, iliyoandikwa CPU. Ikiwa asilimia 100 muda wote, rudi sehemu ya Processes, bofya kichwa cha safu ya CPU, na mla nguvu atapanda juu ya orodha. Ila kuna kosa moja ambalo wengi hawalijui. Linganisha kasi ya msingi iliyoandikwa, tuseme GHz 2.40, na kasi inayosomeka wakati mashine inafanya kazi nzito. Ikiwa imeshuka hadi GHz 0.8 na haipandi, prosesa imejizuia yenyewe. Huenda ni joto. Kwenye laptopu huenda pia ni chaja isiyotambulika: mashine isipoitambua chaja hujibana ili isivute umeme mwingi. Chomoa chaja, tumia betri kwa dakika mbili, uangalie. Kasi ikipanda, kagua chaja na tundu lake kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kipimo cha mwisho ni afya ya diski. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, uifungue. Kwa HDD tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. Mstari wa 05 unahesabu sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni sehemu zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu zimekataa kusomeka, na C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Thamani halisi ya C5 au C6 ikiwa si sifuri, usiendelee na jambo lolote isipokuwa kuhamisha mafaili yako. Na tafadhali usikimbilie amri ya chkdsk /r kwenye diski ya namna hiyo. Amri hiyo huisoma diski nzima mwanzo hadi mwisho, mzigo unaoweza kuimalizia diski mahututi kabla hujaokoa kitu.

Nakala, tena nakala iliyojaribiwa

Kanuni ya kuaminika ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya hapo ulipo. Kwa mtu mmoja hiyo ni sawa na: mafaili yaliyomo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nakala ya vile visivyo na mbadala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nje ichomolewe ikimaliza. Ikikaa imechomekwa muda wote, kirusi kinachofunga mafaili kitayafunga na ya huko.

Baada ya kunakili, ipeleke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine ufungue picha mbili na hati mbili, maana kuona majina ya mafaili hakuthibitishi kwamba yanafunguka.

Kuna kitu kingine kinachohitaji nakala: ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za siku hizi husimba diski, yaani huifunga data kwa ufunguo wa siri, bila mwenyewe kuwa na habari. Ukibadilisha mpangilio wa BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, au ukihamisha diski, skrini ya bluu inaweza kukudai tarakimu 48. Fungua mipangilio ya BitLocker au Device encryption, hifadhi ufunguo huo, na uandike kwenye karatasi. Bila tarakimu hizo hakuna fundi atakayeifungua diski yako.

Vumbi na joto

Prosesa ya laptopu ikiwa imetulia huwa kwenye nyuzi 40 hadi 55 za Selsiasi, na ikifanya kazi nzito 70 hadi 85 si jambo la kutisha. Ikigonga 95 hadi 100 mara kwa mara, inapunguza kasi ili isijiunguze. Programu ya HWiNFO inaonyesha joto la kila kiungo. Mashine inayovuma kama kikausha nywele huku ukiwa unasoma barua pepe tu inahitaji kufunguliwa.

Ukiifungua laptopu ambayo haijaguswa kwa miaka mitatu, utaona mapezi ya shaba au ya alumini karibu na tundu la kutolea hewa. Ukiyatazama kutoka nje yanaonekana safi. Vumbi liko upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, limejikunja na nyuzi na nywele hadi likawa kama kipande cha blanketi la kijivu unachoweza kukivua kizimakizima kwa kibano. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje mara nyingi hakusaidii: unalisukuma blanketi lirudi kwenye feni, kisha feni inalirudisha pale pale. Ni lazima feni itoke.

Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota inayoshika skrubu sawasawa, kadi ya plastiki iliyokwisha matumizi, brashi laini, kopo la hewa iliyoshindiliwa, pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozajoto), na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, achana nayo.

1. Zima mashine kabisa, chomoa chaja na kila waya. Kama betri ni ya nje, itoe.
2. Chora umbo la mfuniko wa chini kwenye karatasi, na kila skrubu unayotoa ichomeke kwenye karatasi mahali inapotoka. Urefu wa skrubu hutofautiana. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa sehemu ya kuegemeza mikono au kukandamiza mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta.
3. Pitisha kadi ya plastiki ukingoni, anza upande wa bawaba za skrini, achia vibanio kimoja kimoja. Ikigoma, kuna skrubu imebaki, mara nyingi chini ya mpira wa kusimamia au chini ya stika. Usilazimishe.
4. Kabla ya kugusa kitu kingine, chomoa waya wa betri kutoka kwenye mazabodi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli wa mwilini utoke.
5. Chomoa waya wa feni, fungua skrubu zake, itoe. Toa lile blanketi la vumbi kwa kibano, halafu piga brashi mapezi na mapanga ya feni.
6. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole. Ikizungushwa na hewa kwa kasi isiyo yake, beringi huharibika. Shika kopo wima, puliza kwa vipindi vya sekunde mbili. Likiinamishwa hutoa kimiminika baridi badala ya hewa. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, kwa sababu bomba lake huzalisha umeme tuli.

Kama joto lilikuwa juu sana, au mashine imepita miaka mitatu hadi minne, badilisha na pesti. Kipozajoto, kile kipande cha metali kinachokalia prosesa na kuondoa joto lake, mara nyingi kina skrubu zenye namba. Zifungue kwa mpangilio kutoka namba kubwa kwenda ndogo, nusu mzunguko kwa kila moja. Pangusa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichoguswa na alkoholi, hadi uso wa prosesa ung'ae kama kioo cha saa. Kwenye prosesa ya laptopu, ambayo haina kifuniko cha chuma, weka pesti kidogo na uisambaze ifunike uso wote kwa utando mwembamba. Kwenye prosesa ya kompyuta ya mezani tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati latosha, kwani mkandamizo wa kipozajoto utalisambaza. Pesti nyingi haiongezi ubaridi. Kazi yake ni kujaza mianya isiyoonekana kati ya nyuso mbili, na ikizidi inakuwa yenyewe ndiyo kizuizi.

Zile pedi laini za rangi ya kijivu au buluu juu ya vipande vingine usizibadilishe kwa pesti. Zinaziba pengo la nusu milimita au zaidi, na pesti haifiki. Ikichanika, weka pedi nyingine ya unene uleule. Metali ya maji inayouzwa kama pesti bora iache: ina galiamu ambayo hula alumini, na ikidondoka kwenye mazabodi inasababisha shoti.

Kwa kompyuta za mezani zenye prosesa za AMD za soketi ya AM4, iwashe kwanza dakika kumi pesti ipate joto, izime, uchomoe umeme, kisha zungusha kipozajoto kushoto na kulia kidogo kidogo kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nacho kutoka kwenye soketi na pini zake kupinda.

Kubadilisha HDD kwa SSD

Kama una pesa ya badiliko moja tu na mashine yako bado ina HDD, litumie hapa. Hakuna badiliko jingine linalokaribia faida yake.

Kuna maumbo mawili makuu. La kwanza ni la inchi 2.5, lenye kiunganishi cha SATA, linalokaa mahali pale pale pa HDD ya laptopu. SSD nyingi za umbo hili zina unene wa milimita 7. Kama HDD yako ilikuwa na milimita 9.5, weka fremu ya plastiki ya kujazia ili isicheze. Kasi yake hufika karibu MB 550 kwa sekunde. La pili ni M.2, kijibao kinachofanana na jojo bapa, na hapo ndipo watu hupotea. Namba 2280 ina maana upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, haisemi chochote kuhusu kasi. M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, njia mbili tofauti za diski kuzungumza na kompyuta, na sloti inayopokea moja huenda isitambue nyingine hata kama inaingia vizuri. Usinunue kwa kutazama sloti kwa macho. Tafuta namba kamili ya modeli ya laptopu yako, soma maelezo ya mtengenezaji, uone yanasema SATA, NVMe au vyote.

Ukubwa wa GB 256 unatosha kwa kazi za ofisini, ila 512 ndiyo inayokupa pumzi. Kaa mbali na diski ya TB kadhaa inayouzwa kwa bei ya flashi. Nyingi zimebadilishwa namba ili zijitangaze kubwa, na zikijaa ujazo wake wa kweli zinaandika juu ya mafaili yako. Programu ya H2testw huijaza diski yote kisha kuisoma upya, na uongo wa aina hiyo hujitokeza.

Sasa amua: kuhamisha kila kitu kama kilivyo, au kusakinisha upya. Ikiwa Windows yako ni salama na diski haina dosari, hamisha. Ikiwa C5 si sifuri, au mfumo umejaa takataka za miaka, sakinisha upya na urudishe mafaili kutoka kwenye nakala. Kusakinisha upya ni kazi ya nusu siku, lakini matokeo yake ni safi zaidi.

Kwa kuhamisha:

1. Unganisha SSD kwa waya wa kugeuza SATA kuwa USB, au kwa kasha la USB ikiwa ni M.2.
2. Tumia programu ya kunakili diski inayotolewa na mtengenezaji wa SSD, au Clonezilla. Clonezilla hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi. Hakikisha mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni lengo. Ukizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya mafaili yako.
3. Zima, chomoa betri kama tulivyoeleza, toa HDD, weka SSD. M.2 inaingia kwa mshazari wa nyuzi kama 30, kisha inalazwa na kubanwa kwa skrubu moja ndogo.
4. Washa kwa mara ya kwanza bila ile diski ya zamani. Diski hizi mbili zina utambulisho mmoja, na zikiwa pamoja Windows inaweza kuwaka kutoka kwenye isiyo sahihi au kuizima mojawapo.
5. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika: fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi, yaani Windows inaijulisha SSD ni sehemu zipi zimeachwa wazi.

Kwa kusakinisha upya, flashi ya GB 8 na Media Creation Tool ya Microsoft vinatosha. Kwenye laptopu za prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi hudai mara nyingine kwamba hakuna diski yoyote. SSD si mbovu. Kinachokosekana ni draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Intel RST, ipakue kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye flashi ikiwa imefunguliwa, ubofye Load driver.

SSD haipangwi upya kama HDD, kwa hiyo usiifanyie difragi ya zamani, ile ya kukusanya vipande vya mafaili pamoja. Iachie asilimia 15 wazi. Ikijaa pomoni, kidhibiti chake hukosa mahali pa kupangia data na kasi ya kuandika huporomoka.

RAM

GB 8 ni ya kazi za kawaida, 16 ni ya anayeacha vichupo vingi wazi au anayehariri picha na video. Kuzidi hapo bila kazi maalumu ni kupoteza. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiweka nyingi.

Kizazi lazima kilingane: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na pengo kwenye kingo ya dhahabu limesogezwa makusudi ili zisiingie. Mtego uko kwenye DDR3 ya laptopu. DDR3 hutumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35. Ile yenye L hufanya kazi kwenye mashine nyingi za 1.5, lakini mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya L huenda isiwake ukiiwekea isiyo na L. Soma stika ya RAM iliyomo. Kama laptopu yako ni nyembamba sana, hakikisha kwanza kwamba RAM haikuunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi.

Vibao viwili vya GB 4 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa huvisoma sambamba. Tofauti huonekana zaidi kwenye mashine isiyo na kadi ya picha ya kujitegemea, inayokopa RAM kwa ajili ya skrini. Vikiwa na kasi tofauti, vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole.

Kibao cha laptopu kinaingia kwa mshazari. Kisukume hadi kingo ya dhahabu ibaki kama uzi tu, ndipo ukilaze hadi vishikizo vya pembeni vilie "tak" pande zote mbili. Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi, usishtuke mara moja: mashine za DDR5 huweza kuchukua dakika moja au zaidi kujifunza RAM mpya mara ya kwanza. Ikizidi dakika tano, zima, toa betri, pangusa kingo ya dhahabu kwa alkoholi, rudisha kibao kimoja kimoja, na ujaribu kila sloti. Ikiwaka, endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja linatosha kukirudisha kibao dukani, maana RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya kabla hata haijaangusha mfumo.

Upande wa programu

Hapa maneno machache yatatosha. Kwenye Task Manager, sehemu ya Startup, zima vyote usivyovihitaji mashine inapowaka. Usizime draiva za sauti, za kipanya mguso na kinga ya virusi. Ondoa programu usizozitumia. Kinga ya virusi iwe moja tu. Mbili huchunguzana na kila faili husomwa mara mbili. Ile inayokuja na Windows inamtosha mtu anayesasisha mfumo wake.

Programu zinazodai kusafisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, ziache kabisa. Maingizo machache ya ziada kwenye rejista hayapunguzi kasi, na ingizo moja lililofutwa kimakosa linaweza kuzima programu usiyoitarajia.

Kitu kidogo chenye msaada mkubwa: Windows ikiwa na Fast Startup, kuzima kwa Shut down hakuianzishi upya kikamilifu. Kiini cha mfumo hulazwa diskini na kuamshwa kesho yake pamoja na hitilafu zake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Ifanye angalau mara moja kwa wiki.

Mafaili ya mfumo yakiharibika, kwenye Command Prompt ya msimamizi tanguliza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Mpangilio huu una maana, kwa sababu sfc hutengeneza kwa kuchukua vipuri kutoka kwenye ghala ambalo DISM ndiyo inayolikarabati.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. TPM, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ikitajwa kama PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Mashine isiyofikia hapo inafaa sana kwa Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, unaokwenda bila taabu kwenye GB 4. Uandike mfumo huo kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kuigusa diski.

Betri na umeme

Kwenye Command Prompt andika powercfg /batteryreport, ufungue ukurasa utakaotengenezwa. Linganisha Design capacity na Full charge capacity. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya asilimia 60 ya kwanza, badilisha. Kwa laptopu inayokaa kwenye chaja siku nzima, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kama mtengenezaji ametoa nafasi hiyo, kwani betri ya lithiamu huzeeka haraka ikishikiliwa kwenye 100 pamoja na joto.

Kipanya mguso kikianza kuinuka, au laptopu ikiyumba mezani ilhali zamani ilitulia, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe, usiibinye irudi mahali pake, usiitupe na taka za kawaida.

Saa ikirudi nyuma kila unapochomoa umeme, ni betri ya kifungo ya CR2032 kwenye mazabodi, ya volti 3. Piga picha mipangilio ya BIOS kabla ya kuitoa. Na kisanduku cha pawasaplai, kile kinachogawa umeme, cha kompyuta ya mezani usikifungue hata kikiwa kimechomolewa. Kapasita zake hubaki na umeme wa hatari kwa muda. Kikileta shida, badilisha kizima.

Diski iliyotoka

HDD uliyoitoa, ikiwa mistari ya 05, C5 na C6 ni sifuri, itie kwenye kasha la USB iwe diski ya nakala. Kazi hiyo haihitaji haraka, na HDD inaimudu vizuri. Ukitaka kumpa mtu, ifomati kwanza huku umeondoa tiki ya Quick Format. Fomati kamili huandika sifuri diski nzima, na kwa TB 1 huchukua saa kadhaa. Fomati ya haraka hufuta orodha tu, na mafaili hubaki pale yakisubiri yeyote mwenye programu ya kuyafukua. Kwa SSD tumia amri ya Secure Erase iliyomo kwenye programu ya mtengenezaji wake, kwa sababu SSD huficha sehemu za akiba ambazo fomati haizifikii.